Kutoka darasani: Karatasi ya mtoto ambaye mama yake anapanda boti

Juma lililopita niliahidi tutaendelea na habari ya watoto wanaoandika kwa mkono wa kushoto. Mnisamehe, itangoja. Kuna karatasi moja iko juu ya meza yangu tangu siku kumi, na kila nikitaka kuandika jambo lingine, macho yanarudi kwake.

Niwaeleze kwanza imetoka wapi. Ninafundisha Kifaransa katika mwaka wa sita wa sekondari. Wenye watoto wa mwaka huo wanajua kwamba Exetat inaanza na disertasio, na mtoto ambaye hajazoea kufikiri juu ya mambo ya nchi yake anaanguka hapo, hata kama ni fundi wa hesabu. Kwa hiyo kila Jumatatu ninawapa kazi moja: chagua tukio, la hapa Bukavu au la nchi nzima. Sema nini kilitokea, nani amelisema, na wewe mwenyewe unafikiri nini. Ukurasa mmoja na nusu, basi. Mwaka 2024 mgomo wa walimu ulikula mwanzo wa masomo (na mimi nilikuwa kati ya waliogoma, sifichi), kwa hiyo tulianza kwa kuchelewa na nasahihisha haraka haraka, wakati wa usiku, kama umeme upo.

Vijana wa kiume karibu wote waliandika juu ya katiba, tangu Rais Tshisekedi aseme kule Kisangani, tarehe 23 mwezi wa kumi 2024, kwamba ataunda tume ya kuitazama upya. Karatasi zao zilifanana sana. Ndani yake nilisikia wababa wao wakibishana pembeni ya redio, wala sikusikia mtoto. Wawili waliandika juu ya MONUSCO kuondoka hapa Kivu ya Kusini mwezi wa sita 2024. Msichana mmoja aliandika vizuri juu ya Mpox, kwa sababu shangazi yake anafanya biashara Kamituga, na Kamituga tunajua sote ugonjwa ule ulivyoitikisa.

Kisha nikafika kwenye karatasi ya binti mmoja wa benchi la tatu. Sitataja jina lake, na wanaomfahamu tafadhali wanyamaze. Yeye aliandika juu ya MV Merdi, ile boti iliyozama Goma tarehe 3 mwezi wa kumi 2024.

Siku nilipopita kati ya mabenchi na kuona amechagua hiyo, nilimwambia, "Mwanangu, habari hii ina mwezi mzima. Nilisema tukio la sasa." Alinijibu bila kuinua kichwa, "Madamu, kwetu nyumbani haijazeeka. Mama anaondoka kila juma."

Nikaendelea na njia yangu. Sikuelewa siku ile.

Aliandika kwa Kifaransa, mimi nawapa kwa Kiswahili. Kwanza anaeleza jambo lenyewe, na analieleza sawasawa. Boti ilitoka Minova, kwetu Kalehe, ikielekea Goma. Ilikuwa imefika karibu kabisa na bandari ya Kituku, hata watu waliokuwa ufukoni wakingojea ndugu zao waliiona ikilala upande mmoja, halafu ikapinduka. Ilibeba watu na mizigo kupita nguvu yake. Aliyekuwa Gavana wetu siku zile, Jean-Jacques Purusi, alisema kwamba watu 278 walikuwa ndani na 78 wamekufa. Upande wa Kivu ya Kaskazini hesabu zingine zilitolewa, tofauti na hiyo.

Hapo darasa lote lingesema, "redio zinasema uongo." Ndivyo wanavyosema kila mara, ni jibu rahisi. Yeye aliandika hivi: "Wanabishana juu ya hesabu ya waliokufa, lakini hakuna anayeuliza kwa nini hawakujua hesabu ya waliopanda. Kama hakuna aliyeandika majina wakati wa kupanda, nani atahesabu wakati wa kuzama?"

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Nimefundisha miaka kumi na mbili, na nilisikia habari ya Merdi kama ninyi, kwenye redio na kwenye simu, nikasema "maskini," nikaendelea kuchambua sombe. Wazo hilo halikunipita kichwani.

Halafu anauliza kwa nini watu wengi hivyo walikuwa ndani. Wakubwa walisema boti ilijaa kupita kiasi, na ni kweli. Lakini mtoto anarudi nyuma hatua moja. Kabla ya mwaka 2024, mama wa Minova mwenye vitunguu vyake au maharagwe yake alikuwa na njia ya nchi kavu, anapita Sake, anafika Goma. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita ilikata barabara hiyo. Goma ilitaka kula, Minova ilitaka kuuza, na kati yao lilibaki ziwa peke yake. "Mtu anayepanda boti iliyojaa hajui kwamba imejaa? Anajua. Lakini vitunguu vinaoza." Ndivyo alivyoandika.

Kuna jambo lingine aliloliona, dogo, la kitoto labda, lakini lilinishika. Tarehe 3 mwezi wa kumi ilikuwa Alhamisi, siku ya ine kama tunavyosema. Na ile tarehe 4 mwezi wa tano 2023, maji na udongo viliposhuka juu ya Bushushu na Nyamukubi na kuchukua watu zaidi ya 400, bila kuhesabu wale ambao hawakupatikana hata leo, hiyo pia ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Yeye hasemi kwamba Alhamisi ni siku mbaya. Anasema: mara zote mbili, wamama walikuwa kazini. "Wakati msiba unakuja, unawakuta wamama na bidhaa mkononi."

Anarudi pia nyuma, mwaka 2019. Yeye alikuwa bado shule ya msingi. Mwezi wa nne mwaka ule boti ilizama upande wa Kalehe, ikapoteza watu wengi sana, na Rais mwenyewe akaomboleza. Baadaye ikatolewa amri kwamba kila msafiri wa ziwani avae jile. Mtoto anauliza: amri hiyo iko wapi sasa? Swali fupi, mstari mmoja, bila matusi.

Kuna mahali alipoandika kwamba kanisani walisema ni mapenzi ya Mungu. Chini yake akaweka: "Mungu hakufunga barabara." Kalamu yangu nyekundu ilikuwa tayari. Mimi ni mtu wa sala, na mlezi wangu angenipiga kwa maneno kama hayo. Sikuandika kitu. Nilipita.

Sasa nafika mahali panaponizuia kulala.

Mama yake anafanya biashara kati ya hapa na Goma. Anapeleka mafuta ya mawese, anarudi na viazi na vitunguu, kadiri anavyopata. Zipo boti kubwa, na zipo zile za mbao ambazo nauli yake ni ndogo. Mtoto aliandika bei zote mbili, mimi naziacha. Alichoandika baadaye ni hiki: "Nimechunguza. Mwezi ambao hatuna deni, mama anapanda ile kubwa. Mwezi ambao shule inafukuza watoto kwa sababu ya pesa ya masomo, mama anapanda ya mbao. Kwa hiyo ninajua ile tofauti ya bei inaenda wapi. Inakuja kukaa na mimi kwenye benchi."

Wamama, mnajua shule ya msingi katika shule za Serikali inaitwa ya bure tangu 2019. Sekondari hapana. Na mnajua pia mambo yanavyofanyika asubuhi ile ya kufukuza: mtu anasimama mbele ya darasa na orodha, anasoma majina, wenye majina wanachukua mifuko na kutoka. Katika darasa hilo mtu anayesoma majina ni mimi. Mwezi wa kumi nililisoma jina la huyo binti. Nakumbuka alitoka wa kwanza, haraka, kama mtu aliyejua mapema.

Sikuweza kurudisha karatasi ile kama zingine. Nilimwita wakati wa mapumziko, nikamwuliza kama mama yake ameisoma. Akasema mama hajui Kifaransa. Nikamwuliza kama anaruhusu nimwonyeshe. Alifikiri kwa muda, akasema, "Umwambie, Madamu, lakini usimwambie kwamba nalia usiku." Kwenye karatasi hakuandika kwamba analia. Nililijua hapo.

Mama alikuja Ijumaa, akitoka soko la Beach Muhanzi, kitenge bado kina vumbi la mkaa. Alidhani ninamwitia deni. Aliponisalimia alikuwa tayari ameshika pesa kidogo ndani ya leso. Nilimwambia, "Mama, si pesa, ni kazi ya mtoto." Nilipoeleza kazi inahusu nini, uso ulibadilika. "Mwalimu, mambo ya nyumba yangu yamefikaje kwenye karatasi ya shule?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi pia nisingependa. Nilimwambia darasa halijasikia kitu, ni mimi peke yangu. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nisomee."

Nikamsomea polepole, kwa Kiswahili. Alisikiliza habari ya Merdi, ya hesabu, ya barabara, akitikisa kichwa. Tulipofika kwenye mambo ya bei mbili, alitazama dirishani. Nilipomaliza alisema neno moja tu kwanza: "Sikujua kwamba anajua bei ya boti."

Halafu akaongea kwa muda mrefu. Na niwaambie kweli, aliyoyasema yalisahihisha kazi ya mtoto kuliko kalamu yangu. Binti alikuwa ameandika kwamba Serikali ipige marufuku boti zote za mbao. Mama alicheka. "Akate boti, halafu nani atanunua viatu vyake?" Akasema wakati mwingine anapanda ya mbao si kwa ajili ya pesa ya shule, ni kwa ajili ya saa: anataka kufika alfajiri kabla wengine hawajashusha bei. Akasema pia jambo ambalo mtoto hakuweza kulijua, kwa sababu hajapanda. Jile zipo katika boti kadhaa. Zimefungwa pamoja kwa kamba, chini ya mizigo, ili zionekane siku ya ukaguzi. Siku moja aliomba apewe ya kuvaa, na wenzake wakamcheka: "Wewe unaogopa kufa kuliko sisi?" Hakuomba tena. Waliomcheka walikuwa wamama wenzake, alilisema mwenyewe mara mbili.

Na majina? "Wanaandika, siku zingine. Mimi wameniandika 'mama na bidoni sita.'"

Hapo tulicheka wote wawili, kicheko kile mnachokijua.

Nilimwuliza kama usiku ule wa tarehe 3 aliongea na watoto wake juu ya ajali. Akasema hapana, alizima redio walipoingia, asiwatie hofu. Juma lile lile aliondoka kama kawaida, akawaambia anaenda Kavumu. Watoto walikuwa wameona video zamani. Darasani kwangu hakuna ambaye hakuiona. Ilipita kutoka simu hadi simu, boti ikilala, watu wakianguka majini kama mahindi kutoka kwenye gunia. Binti yake aliitazama mara nyingi, akitafuta kitenge anachokifahamu, ingawa alijua kwamba mama yake hakutoka Minova na siku ile alikuwa sokoni Kadutu.

Ndiyo sababu nimeandika juu ya hili badala ya mkono wa kushoto. Tunapozima redio, hatuzimi habari. Tunabaki tumejitoa sisi wenyewe, na mtoto anabaki na video na hesabu zake. Huyu wangu alifanya hesabu vizuri. Wengine wanazifanya vibaya: mwaka huu nimesikia darasani kwamba chanjo ya Mpox inaletwa ili kuua watoto, na aliyesema hivyo aliyapata kwa kaka yake, ambaye aliyapata kwa mtu wa pikipiki. Hakuna mtu wa nyumbani aliyemwuliza, "umesikia wapi?" Mimi nadhani hilo ndilo swali la kuuliza, na si "nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa." Ukimwuliza amesikia wapi na nani alisema, unampa nafasi ya kupima mwenyewe. Na ukimwambia unachojua wewe, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwamba utapanda boti kesho, atakuwa na kitu cha kweli cha kushika.

Wapo watakaosema namfundisha mtoto kuhukumu wakubwa. Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu alinisema hivyo, tena kwa sauti: siku hizi, vita ikiwa karibu namna hii, ni afadhali watoto waandike juu ya usafi na mazingira. Namwelewa. Kuna mambo siwaachii waandike, na majina ya watu wa silaha siyataki katika daftari zao. Lakini kusema kwamba boti haina orodha ya wasafiri, hilo si siasa. Ni hesabu ya darasa la pili: walipanda wangapi, walishuka wangapi.

Nilipomweleza mama jambo hilo la orodha, alilichukua na kulipeleka katika kikundi chake cha AVEC, Jumapili baada ya ibada. Hapo kuna wamama wanane wanaosafiri ziwani. Hawakwenda kuandamana, hawakuandika barua kwa Gavana, ingawa barua ingefaa na mimi niko tayari kusaidia kuiandika kwa Kifaransa. Walichofanya ni kununua daftari moja. Anayeondoka anapita kwanza kwa mwekahazina, au anapiga simu: jina lake, boti gani, saa ngapi, mizigo kiasi gani, na namba ya simu ya nyumbani. Akifika anapiga tena, na anawekewa alama. Wamekubaliana pia kwamba watakaokuwa safari moja wataomba jile wote pamoja, kabla ya mizigo kupakiwa, kwa sababu mmoja anachekwa lakini wanne hawachekwi. Safari ya kwanza walipewa mbili kwa watu wanne. Ya pili kapita aliwaambia wasubiri boti nyingine kama wana hofu, na wakasubiri, wakapoteza soko la asubuhi. Mmoja wao amekasirika na anasema hatafanya tena.

Kuhusu pesa ya masomo, nilikwenda kwa mkuu wa shule kumwomba kwamba wazazi wanaosafiri kwa biashara wapewe tarehe yao wenyewe, baada ya kurudi, badala ya ile asubuhi ya orodha. Alinisikiliza. Akasema nikimfanyia mmoja, wote watakuwa wasafiri. Tukapatana kwamba jina la huyo halitasomwa hadi mwisho wa mwezi. Kwa wengine bado naongea naye. Orodha yenyewe bado iko mikononi mwangu, na bado sijui nitafanyaje nayo mwezi wa kumi na mbili.

Karatasi niliipa 14 juu ya 20. Mama aliuliza kwa nini si zaidi, kwa kuwa nimeisifu hivyo. Nikamwambia mtoto alisahau kuandika hitimisho, na kwenye Exetat wataliona. Jumanne iliyofuata mama alipanda ile kubwa. Binti aliniambia hivyo mlangoni, kabla sijamwuliza.

Wamama wa vikundi wanaotaka kuona namna lile daftari limepangwa, nitalileta Jumamosi kwenye mkutano. Mwekahazina amekubali niliazime kwa siku moja tu, kwa sababu kuna anayeondoka Jumapili. Mkono wa kushoto tutauongelea juma lijalo.